Vyungu Visivyokaa Mezani

Kila mwaka msimu wa maombi ya vyuo vikuu ukifika, simu yangu haipumziki. "Shikamoo babu, mimi naitwa fulani, niko Mbeya, nimepewa namba yako na dada mmoja, eti wewe ndiye unayejua mambo ya potifolio." Sijui nani aliisambaza hiyo namba, ila imefika Tukuyu, imefika Mafinga, na juzi nimepigiwa na kijana wa Mgololo ambaye baba yake yuko kiwanda cha karatasi na yeye mwenyewe anautaka udongo. Mimi nimestaafu, jamani. Nimetulia zangu hapa Ipogolo, Iringa. Lakini siwafichi, nikisikia mtu anataja udongo upande wa pili wa simu, naacha hata ugali upoe. Basi leo nayaandika yote kwa mpigo. Mkishasoma mnaweza kupunguza kunipigia, au pigeni tu, maana napenda.

Tuelewane kwanza kwamba sikuwa mwalimu wa sanaa. Nilikuwa fundi wa tanuri kwenye karakana ya ufinyanzi. Wenzangu walifinyanga, mimi nilichoma. Nimechoma vigae, vikombe, mitungi ya maua ya mahoteli, na kila mwaka nimechoma kazi za vijana waliotaka kusomea ufinyanzi chuo kikuu. Chuo hakitaki maneno matupu. Kinataka kuona vitu ulivyofinyanga kwa mikono yako, michoro uliyochora kabla ya kufinyanga, na picha zilizopigwa vizuri. Mkusanyo huo ndio potifolio, na hakuna chungu kinachohesabiwa kuwa chungu kabla hakijapita motoni. Ndiyo maana mlikuwa mnaletwa kwangu.

Na nilifurahi mlipoletwa. Mpaka leo sijapata kitu cha kunisisimua kama kufungua tanuri. Umechoma tangu alfajiri, umeziba mlango kwa matofali, umesubiri lipoe, halafu unaanza kutoa tofali moja moja huku yangali na joto. Ndani unasikia vyombo vinalia ting, ting, vikipoa. Hujui umepata nini. Marehemu mke wangu alikuwa akisema siku ya kufungua tanuri naondoka nyumbani bila viatu, na siku moja ilikuwa kweli kabisa.

Aliyenifundisha kuchoma hakuwa mtu wa tanuri. Alikuwa Mama Tusekile, mfinyanzi wa Kikisi kutoka kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, aliyekuja Mbeya kuuza vyungu na baadaye akaajiriwa karakana kwetu Iringa. Alinikuta mimi kijana nimejaa sifa, ninapima ukavu wa chungu kwa kukiangalia rangi. Akanicheka. Akachukua chungu, akakiegesha shavuni kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Kikiwa baridi, bado kina maji," alisema. "Usikichome. Kitakupasukia."

Nikafanya kama yeye. Kila chungu kilikuwa baridi. Nikamwambia basi karakana nzima ni mbichi. Akaniuliza huu ni mwezi wa ngapi. Ilikuwa mwezi wa sita, na nyie wa Iringa mnajua mwezi wa sita upepo wa hapa ulivyo, hata shavu lenyewe lilikuwa baridi.

"Kanywe chai kwanza," akasema. "Shika kikombe hapo shavuni mpaka lipate moto. Ndipo uje upime."

Tangu siku hiyo nimepima vyungu nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na wakubwa wa karakana walidhani mimi ni mvivu wa kunywa chai saa za kazi. Vijana, hili liandikeni vichwani. Huku nyanda za juu udongo haukauki kwa tarehe ya kalenda. Mtu wa Dar anaweza kusema wiki moja yatosha. Wewe wa Mbeya wiki moja mwezi wa saba hujafanya kitu, chungu kinakuangalia tu.

Kuhusu picha ndio msiseme. Kuna kijana mmoja wa Mbeya mjini, mikono yake ilikuwa ya dhahabu, aliniletea simu nione alizopiga. Chungu chake kilikaa juu ya kochi la sebuleni, chini yake kitambaa cha kufuma, pembeni maua ya plastiki, na nyuma yake televisheni inaonyesha mpira. Nikamuuliza chungu kinaoa au kinaolewa. Alikasirika kwa muda, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Tulitandika shuka la kijivu barazani, asubuhi yenye mawingu, bila kuwasha taa ya simu. Picha moja ya chungu kizima, nyingine ya karibu ili ngozi yake ionekane, nyingine ya ndani, na moja yenye mkono wa mtu ili ukubwa ujulikane. Hakuna siri nyingine. Mawingu ya Mbeya mnayoyalalamikia ndiyo taa bora kuliko zote, na ni ya bure.

Lakini niliyetaka hasa kuwasimulia ni Kabula, kwa sababu kosa lake mnalirudia wengi.

Kabula alikuja kwangu mwaka wangu wa mwisho kazini. Ni Msukuma. Familia yao walihamia na ng'ombe wao Usangu, wanalima mpunga huko Mbarali, na yeye alikuwa akiishi na shangazi yake hapa Ipogolo. Ufinyanzi alifundishwa na bibi yake mzaa baba tangu mdogo. Mwaka uliotangulia alikuwa ameomba kozi ya ufinyanzi chuo kikuu akakataliwa. Baba yake akamwambia ajaribu mara hii tu. Akikosa tena, anakwenda chuo cha kilimo ambako alishapata nafasi na walikuwa wanamsubiri athibitishe. Baba hakuwa mkali, ila alikuwa hajawahi kuona mtu aliyekula kwa kufinyanga vyungu.

Basi asubuhi hiyo akaniwekea vyungu mbele yangu, vimefungwa kwenye blanketi. Vinane au tisa, vizuri, vyenye mabega ya kupendeza. Nikageuza kimoja. Chini alikuwa amebandika kitako bapa, kinene kama chapati tatu zilizopangwa.

"Hiki kitako kimetoka wapi?" nikamuuliza.

"Nimekiweka mwenyewe, babu."

"Bibi yako alikuwa anaweka?"

"Hapana. Vya bibi ni vya mviringo, vya kukaa kwenye mafiga. Mwaka jana nilipeleka picha za mviringo wakanikataa. Nikaona chuo kikuu wana meza, wana rafu. Chungu kinachogaragara watakiweka wapi?"

Mnaona. Huyu mtoto alikuwa amekata tumbo la chungu chake ili kipate pa kukaa kwenye meza ya watu ambao hajawahi kuwaona. Na msimcheke, nimewaona wengi wenu. Wa Kyela anafuta michoro myeupe ya mama zake, anapaka rangi ya mafuta. Wa Kalenga anafinyanga kikombe cha kahawa na nyumbani kwao hakuna anayekunywa kahawa. Mnadhani chuo kikuu kina umbo lake la chungu na kazi yenu ni kulibahatisha.

Nikapasha shavu kwa chai, nikapima. Mabegani pakavu. Kitakoni baridi kabisa.

"Bado," nikasema.

"Babu, vimekaa wiki mbili ndani kwa shangazi. Dedilaini imekaribia bana. Si uchome tu, bahati itakuwepo."

"Bahati sichomi. Nachoma udongo."

Macho yakamjaa machozi, ila hakulia. Akafikiri, akasema, "Basi chagua kimoja tu. Uchome tuone." Hilo lilinipendeza. Nikakiweka kimoja mlangoni mwa tanuri, peke yake, mbali na vigae vya watu. Nikaanza na mabanzi ya mlingoti, yale maganda ya magogo ya mkaratusi yanayobaki kwenye kupasua mbao, moto mdogo mdogo, maana mabanzi ya msindano, yaani msonobari, yanawaka kwa fujo. Hata hatujafika mbali tukasikia pu. Kabula akanishika mkono. Nikamwambia tusubiri tu.

Kesho yake tukafungua. Kitako kilikuwa kimechomoka chote na kupasuka vipande. Juu chungu kilikuwa kizima, chekundu, kimebaki na tundu la duara pale chini. Nilimtazama usoni nikitegemea kilio. Yeye akakishika kile chungu kisicho na kitako, akakigeuza geuza, akaanza kucheka.

"Babu, hapa juu nilikuwa nafanya ninachokijua," alisema. "Hapo chini nilikuwa nawawaza wao."

Siku hiyo hiyo akaviloweka vile vyungu vilivyobaki, udongo ukarudi kuwa udongo, akaanza upya. Vya mviringo. Ukuta mwembamba, sawasawa kutoka mdomoni mpaka chini, kwa hiyo vinakauka haraka na kwa pamoja. Nilipita kwa shangazi yake kila jioni kutazama, na kila jioni nilirudi nyumbani nikiimba. Kazi ilikuwa imekaa sawa, mnajua ile hali ambayo mtu anafanya na hata akikosea anakosea kwa uzuri.

Tatizo likawa tanuri. Karakana ilikuwa imepata kazi kubwa ya vigae na msimamizi akasema hakuna nafasi mpaka mwezi ujao. Sikuwa na la kufanya. Kabula akampigia baba yake, nami nipo, simu ikiwa kwenye spika.

"Baba, vyungu viko tayari ila tanuri limejaa. Nadhani haitawezekana."

Sauti nzito ya baba ikauliza, "Huko mnachomea nini?"

"Mabanzi, baba."

"Mabanzi," akarudia, kama mtu aliyeambiwa tunapika wali kwa soda. Akakata simu.

Asubuhi moja, kabla hata wiki haijaisha, nikaitwa barabarani. Basi la kutoka Mbeya lilikuwa limesimama, na konda anashusha magunia kutoka kwenye buti huku ameziba pua. "Mzee umeniambia ni mbolea ya bustani," alikuwa analalamika. "Abiria wamenisema njia nzima." Pembeni yake amesimama mzee mrefu mwenye kofia, fimbo mkononi, hana wasiwasi wowote.

"Si mbolea kwani?" akamjibu konda. Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye mtu wa moto?"

"Ndimi. Kamwene, mzee mwenzangu. Karibu Iringa," nikamsalimia kwa Kihehe.

"Haya. Nimeleta mavi ya ng'ombe, makavu, na pumba za mpunga. Mama yangu hakuwahi kuchoma chungu kwa kuni. Kuni zina hasira." Akamtazama binti yake aliyekuwa ameduwaa. "Sijasema nimekubali, mayu. Nimekuja nione kama unachofanya ni kazi au ni mchezo."

Mayu ni mama. Ndivyo Wasukuma wanavyomwita hata binti yao, kwa mapenzi na heshima. Kabula alipiga goti kumsalimia, akabaki pale chini kwa muda kidogo akijifuta macho na kanga.

Tulichomea uwanja ulio wazi chini kule karibu na mto. Vijana wangu, mimi nimeshinda na tanuri maisha yangu yote, lakini siku ile nilikuwa kama mtoto aliyepelekwa sokoni mara ya kwanza. Mzee aliwasha pumba kwanza, akavipasha vyungu moto taratibu, anavigeuza kwa kijiti, joto liingie kila upande. Halafu akavipanga midomo ikitazama chini, akavizungushia vipande vya mavi makavu vikiwa vimesimama wima, akafunika kwa nyasi. Hakuniruhusu kugusa. Nikimuuliza kitu ananijibu kwa kidevu. Moto ulipanda bila kelele, hauruki wala hauzimiki, unakula polepole. Majirani walikuja kulalamika moshi, wakakaa kutazama, wakasahau walichokuja kusema. Mama mmoja alileta viazi tukavichoma pembeni.

Mchana umeinama, mzee akaanza kuondoa majivu kwa fimbo. Cha kwanza kilikuwa na ufa. Akakiweka kando. Cha pili kikatoka kizima, chekundu kama maharage, na ubavuni kina baka jeusi la moshi. Cha tatu kizima. Cha nne kizima. Moyo ulinidunda mpaka nikashika kifua. Mzee alikigonga kila kimoja kwa kucha, akaweka sikio, vyote vikaitika.

Alipofika kile kikubwa kuliko vyote akakishika kwa mikono miwili, akakaa nacho muda mrefu.

"Hiki kinaweza kupika," alisema.

Nilimwangalia Kabula. Alikuwa anatabasamu kama aliyepewa ng'ombe. Kwa baba yule maneno hayo yalikuwa mengi.

Jioni Kabula akatoa msasa, anataka kuyasugua yale mabaka meusi ili picha zitoke safi. Baba yake akaushika msasa, akautia mfukoni mwake. "Moto umepita hapo," akasema. "Unataka kuficha kwamba ulipita?" Asubuhi palikuwa na mawingu. Tulitandika shuka chini, siyo mezani. Kabula akapanga mafiga, akakalisha kile kikubwa juu yake, tukapiga. Kwenye picha ya ukubwa, mkono unaoonekana ni wa baba yake, umekunjamana, una kovu la kamba ya ng'ombe. Tukapiga na kile chenye ufa, na kile kilichotoka kitako tanurini, maana nilimwambia waone pia vilivyomkatalia na alichojifunza. Wengi wenu mnaficha vilivyovunjika. Mnafanya vibaya, kwa sababu mwalimu anataka mwanafunzi, hatafuti mtu aliyekwisha maliza. Mzee alipanda basi la kurudi mchana ule ule, bado hajasema amekubali.

Chuo kilimwita kwenye mahojiano ya video. Aliyafanyia barazani kwangu, simu imeegemezwa kwenye tofali, mimi nimejificha nyuma ya mlango nikiwa na amri ya kutokohoa. Walikuwa walimu wawili. Mmoja, mama mwenye sauti ya upole, akauliza mbona vyungu vyake vyote vya kwenye picha haviwezi kukaa mezani, na mbona kile kimoja kina alama ya kitako.

"Nilikiwekea kitako kwa ajili yenu," Kabula akajibu. "Kikakataa. Vyungu vya kwetu vinakaa kwenye mafiga, moto unavizunguka chini kote. Vikiwa na kona vinapasuka."

Yule mama akauliza, "Na ukija huku, utataka kujifunza nini?"

"Kutengeneza kinachokaa mezani, ila kwa kujua, siyo kwa kuogopa."

Walicheka kwa furaha, wakamuuliza habari za mavi ya ng'ombe kwa muda mrefu kuliko habari nyingine zote. Mimi nyuma ya mlango nilitamani kutoka kuongezea, nikajizuia. Wakasema watamjulisha.

Kipindi kile cha kusubiri ndicho kibaya, na sina ushauri nacho. Kabula alifagia uwanja wangu mpaka ukabaki mchanga mtupu. Kila baada ya siku chache watu wa chuo cha kilimo walikuwa wakimpigia baba kuuliza kama binti anakuja, na yeye Kabula alijua, na ilikuwa inamnyima usingizi.

Majibu yalipotoka alikuja mbio, ameshika simu juu, hawezi hata kuongea. Nikasoma mwenyewe. Amechaguliwa. Mimi mzee mzima nilipiga kelele ambazo jirani alizidhania ni za msiba, akaja mbio na yeye. Tulipotulia tukampigia baba.

"Baba, nimepata."

Tulisikia ng'ombe huko aliko.

"Vizuri, mayu," akasema. "Nipe huyo mzee."

Nikachukua simu. Nilikuwa na furaha iliyopitiliza, nikaanza kumtania. "Mzee mwenzangu, sasa kazi imebaki kwako. Inabidi uwapigie wale wa chuo cha kilimo uwaambie wampe mtu mwingine nafasi."

"Nilishawaambia."

"Lini? Majibu yametoka sasa hivi."

"Siku ile niliporudi kutoka kwako. Niliwapigia nikiwa ndani ya basi. Wao wanaendelea kupiga tu, hawaamini."

Kabula alikuwa ananitazama, anataka kujua kinachosemwa.

"Na kama wangemkataa tena?" nikauliza.

"Angefinyanga tena," akasema. "Mpe simu mwanangu."

Nikampa, nikaingia zangu jikoni, nikakaa kwenye kigoda nikalia kwa raha mpaka nikachoka.